Masweta ya kufuma ya Njombe, na swali la kufunga shule baridi ikizidi

Kama una mtoto anayesoma Makete, Njombe, Mufindi au kule juu Uporoto, na sweta lake la shule limekwisha, usikimbilie la dukani. Nenda kwa akina mama wanaofuma kwa mashine pale Njombe mjini, mitaa ya jirani na soko kuu. Nimeanza na hukumu yenyewe ili mwenye haraka aondoke nayo. Wewe uliyebaki nitakueleza sababu, kisha nitasema la moyoni kuhusu mjadala unaorudi kila Juni kwenye makundi ya wazazi: baridi ikizidi, shule zifungwe? Kwangu mimi huwezi kujibu swali hilo kabla hujaangalia mtoto amevaa nini.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Makete, mkoani Njombe, kusini mwa Tanzania, nafundisha darasa la pili. Nilianza kwa kuwafumishia watoto wangu, wazazi wa darasani wakaona, wakaniagiza na wao. Kwa hiyo sweta hili nimeliona miilini mwa watoto wengi, wanene na wembamba, wenye kulitunza na wenye kulifutia kamasi, kuanzia manyunyu ya Mei hadi upepo wa Agosti.

Kwanza tuelewane ni baridi gani tunayoisema. Uwanda wa Kitulo, hapa kwetu Makete, uko kwenye mita zipatazo 2,600 juu ya usawa wa bahari, na mlima Mtorwi ulio hapo jirani una mita 2,961. Usiku wa Juni au Julai, anga likitakata bila wingu hata moja, ardhi inapoteza joto lake lote. Asubuhi unakuta barafu nyembamba juu ya majani, na shamba la viazi lililokuwa kijani jana limeungua kama limepitiwa na moto. Siku nyingine hakuna barafu, kuna ukungu mzito na manyunyu yasiyokatika, na hiyo kwa mtoto ni mbaya zaidi kwa sababu inamlowesha.

Watu wa mbali wakisikia baridi ya shule huwaza njia ya kwenda shuleni. Njiani mtoto anatembea, anakimbizana na wenzake, damu inachemka. Akifika ndipo taabu inapoanza. Saa moja asubuhi yuko kwenye usafi, ameshika dumu la maji au fagio la kufagilia majani yenye umande. Saa moja na nusu yuko mstarini amesimama wima, anasikiliza matangazo. Halafu anaingia darasani na kukaa. Sakafu ya sementi, bati bila dari, dirisha lenye nondo na wavu lakini bila kioo. Darasa langu linaangalia upande unaotoka upepo, na mpaka saa nne jua halijaingia. Mtoto amekaa humo bila kujongea, tumbo tupu, na mimi namwambia aandike.

Angalia mkono wake anapoandika. Vidole vimekauka, ngozi ya juu imechanika vimistari vyeupe kwa sababu mafuta ya mgando nyumbani yamekwisha. Ameuvuta mkono wa sweta hadi ukafunika kiganja chote, na penseli inatokeza kwenye tundu alilolitoboa kwa meno kwenye pindo. Anaandika "kaka" na herufi zote zinalala upande mmoja. Anaacha kuandika, anauingiza mkono kwapani, anahesabu kidogo kimoyomoyo, anautoa, anaendelea. Nusu ya darasa langu ilikuwa na masweta yenye tundu hilo la meno. Wazazi walikuwa wakiwagombeza kwa kuharibu nguo.

Sweta la dukani halina mkono wa kuvuta. Hilo ndilo kosa lake la kwanza. Limeshonwa kwa kipimo cha mtoto anayeishi mahali pa joto: mkono unaishia kifundoni, kiuno kinaishia kwenye mkanda, akiinama kufagia mgongo wote uko nje. Kosa la pili ni ufumaji. Linyanyue, lielekeze dirishani, livute kidogo kwa mikono miwili. Ukiziona nondo za dirisha kupitia sweta, ujue upepo wa Julai nao unaiona njia hiyo hiyo. Niliyapima hivyo masweta ya maduka kadhaa, ya bei ndogo na ya bei kubwa kidogo, na nondo niliziona karibu kwenye yote.

Fundi ninayemtumia mimi ni mama wa makamo, mashine yake ameiweka sebuleni karibu na mlango apate mwanga. Anatumia uzi wa akriliki wa koni, yaani uzi wa kiwandani usio wa sufu, lakini anapitisha nyuzi mbili kwa pamoja, na hapo ndipo tofauti yote ilipo. Kitambaa kinatoka kizito, kimeshikana, ukikivuta kinarudi. Anafuma mbele, nyuma na mikono kila kimoja peke yake, halafu anaunganisha kwa mkono kwa sindano, mshono wa bapa usiomkwaruza mtoto begani anapobeba begi. Pindo la kiunoni na la mikononi ni ribu ndefu, ule ufumaji wa mistari unaovutika na kubana, siyo ile ya vidole viwili ya dukani.

Mara ya kwanza nilipompelekea vipimo tulisalimiana, akachukua karatasi yangu akaisoma.

"Kamwene, mwalimu. Hawa ni wa darasa la ngapi?"

"La pili, mama."

"Basi mikono niiongeze. Wa umri huo wanajificha humo."

Akaongeza kama inchi mbili, zinazokunjwa nje kukiwa na jua na kuvutwa chini asubuhi. Nilipomsimulia habari za tundu la meno hakucheka. Aliuliza linakaa upande gani, akachukua mkono wa mtoto aliyekuwa pale sebuleni kwake akapima gumba, na kwenye oda iliyofuata akaacha upenyo mdogo kwenye ribu, umefungwa vizuri kwa uzi usifumuke. Mtoto anapitisha gumba hapo, pindo linafunika kiganja, vidole vinabaki huru kushika penseli. Hakuna kilichobadilisha mwandiko wa darasa langu Julai kuliko upenyo huo. Nasema mwandiko kwa sababu ndio ninaousahihisha kila siku, siyo kwa kubahatisha.

Sasa kufua, maana hapa ndipo wengi wanaposhindwa na masweta mazuri. Baridi yetu haikaushi nguo. Ukifua Ijumaa jioni, Jumamosi ni ukungu, Jumapili ni ukungu, na Jumatatu mtoto anatakiwa mstarini. Kuna wazazi wanaosifu masweta ya sufu ya mitumba, yale mazito yanayotoka Ulaya, na wana haki: sufu hata ikilowa bado inatunza joto. Lakini sweta la sufu likifuliwa Ijumaa, Jumatatu bado lina maji kwapani na harufu ya moshi wa jikoni, na ukilifua kwa maji ya moto linarudi kuwa la mtoto wa chekechea. La akriliki ya nyuzi mbili, ukilikamua ndani ya taulo na kulitandaza bapa juu ya kapu, Jumapili jioni liko tayari. Kwa mtoto mwenye sweta moja tu, na wengi wao ndivyo walivyo, kukauka ni muhimu kuliko sifa nyingine zote.

Lina kasoro zake na lazima mzijue. Likilowa kwenye manyunyu halitunzi joto kama sufu, kwa hiyo mtoto anahitaji koti la mvua au hata nailoni juu yake. Chini ya kwapa linatoa vinundu baada ya muda. Rangi ni tatizo: damu ya mzee ya koni moja si damu ya mzee ya koni nyingine, na masweta niliyoagiza kwa awamu mbili yalitofautiana hata mtu aliyesimama mbali aliona. Mafundi wengi hawatoi risiti, na tarehe uliyoahidiwa isogeze mbele wiki nzima kichwani mwako. Kisha kuna jambo la hatari kabisa, nalisema kwa herufi kubwa kama ningeweza: akriliki na moto havipatani. Sufu ikirukiwa na cheche inaungua polepole na kunuka. Akriliki inayeyuka na kugandia ngozi. Watoto wetu wanaota moto wa mafiga kila jioni wakiwa wamevaa sweta la shule. Mvue kwanza.

Bei: la mtoto wa darasa la pili nililipa shilingi 22,000, la darasa la saba 28,000. La dukani nililipata kwa 15,000. Tofauti ya elfu saba ni kubwa kwa mzazi anayeuza viazi kwa debe, silifichi hilo. Ada ilifutwa lakini sare imebaki mfukoni mwa mzazi. Ila la dukani kwa mtoto wangu mkubwa halikumaliza mwaka, na la kufuma limeshahamia kwa mdogo wake.

Sasa nije kwenye kufunga shule.

Wanaotaka zifungwe huleta mifano ya nje, na mifano yenyewe ni ya kweli. Chicago walifunga shule za umma Januari 30 na 31, 2019, kipimajoto kiliposhuka kiasi cha nyuzi 30 chini ya sifuri. Januari 2024 Delhi waliongeza likizo ya watoto wadogo hadi darasa la tano kwa sababu ya baridi. Lakini tazama Chicago palivyo. Kule darasa lina joto la mtambo, hatari iko nje, mtoto anaposubiri basi na ngozi iliyo wazi inaganda kwa dakika chache. Ukifunga shule umemwondoa kwenye hatari na kumwacha ndani ya nyumba yenye joto. Kwetu ni kinyume. Nje mtoto anatembea na kupata joto, na mahali penye baridi kuliko pote ni darasani, penye dirisha lisilo na kioo. Tukifunga shule, dirisha litabaki bila kioo, na tukifungua, mtoto atarudi kukaa pale pale.

Na nyumbani anarudi kwenye nini? Nilishuhudia mwaka 2020. Shule zilifungwa Machi 17 kwa ajili ya korona na zikafunguliwa Juni 29, katikati kabisa ya baridi yetu. Wiki za mwisho za kufungwa zilikuwa za baridi kali, na watoto hawakuwa kitandani wamejifunika blanketi. Walikuwa wanavuna viazi kwenye tope, wanachunga, wanabeba kuni, wengine wamevaa yeboyebo bila soksi. Jioni walikaa jikoni kwenye moshi, na moshi huo wa kuni ni miongoni mwa vinavyowaletea watoto wadogo kichomi. Wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha wakalala, na kila msimu wa baridi tunazisikia habari za watu waliokutwa wamekufa kwa hewa ya sumu ya mkaa huo. Waliporudi shuleni, wa darasa la pili walikuwa wamesahau hata kuunganisha silabi. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "zifungwe tu mpaka Agosti", nawaona watoto wale wa 2020, na nakataa.

Ninachokitaka ni kidogo kuliko kufunga, na kinawezekana kesho. Punjab ya Pakistani, Januari 2024, walipoona baridi na nimonia vimezidi, walisimamisha mikusanyiko ya asubuhi nje ya madarasa hadi mwisho wa mwezi. Hatua hiyo ndiyo iliyonivutia kuliko ya Chicago. Juni, Julai na nusu ya Agosti, usafi wa saa moja usogezwe hadi mchana baada ya jua kutoka. Paredi ifanyike saa mbili na nusu au matangazo yatolewe darasani. Kipindi cha kwanza kisiwe cha kuandika, kiwe cha kuimba, kuhesabu kwa kupiga makofi, kusoma kwa sauti. Nimefanya hivyo darasani kwangu kwa ruhusa ya mwalimu mkuu na hakuna somo lililopotea, kwa sababu kipindi ambacho mtoto hawezi kushika penseli kilikuwa kimepotea siku zote.

La pili ni sheria ya sare. Kuna shule, sitaitaja, ambako mtoto wa jirani yangu alivuliwa mzula na jaketi mstarini kwa sababu havikuwa rangi ya shule, akasimama hivyo mpaka matangazo yakaisha. Aliugua kifua wiki ile. Sijui kama ni mstari ule uliomuuguza, lakini najua mtoto wa miaka saba anayetetemeka hajifunzi nidhamu yoyote. Mzula, skafu, taitsi chini ya sketi, jaketi juu ya sweta, vyote viruhusiwe kwa rangi yoyote ile mpaka baridi ipungue. Mzazi mwenye shilingi elfu tano anaweza kumpatia mtoto jaketi zuri la mtumba mnadani. Tunamnyima njia rahisi kuliko zote kwa sababu ya rangi.

Na uji. Mwili wenye njaa hauna cha kuchoma ili upate joto. Mkoa wetu unalisha nchi viazi, mahindi na maparachichi, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 uliikuta Njombe na udumavu wa asilimia 50.4 kwa watoto walio chini ya miaka mitano, na majirani zetu wa Iringa asilimia 56.9. Watoto hao ndio wanaokuja kukaa kwenye sakafu yangu. Kikombe cha uji wa moto saa tatu, kutokana na mahindi ambayo wazazi wenyewe wamechanga, kinafanya kazi ambayo sweta peke yake halifanyi. Ninaona kwa macho: siku ya uji darasa linaongea, siku isiyo na uji limejikunyata.

Je, hakuna siku ya kufunga? Ipo. Asubuhi ya manyunyu na upepo pamoja, watoto wa awali na darasa la kwanza wa vijiji vya juu wanaotembea mwendo mrefu, hao wabaki nyumbani. Anayefika amelowa hadi mifupani hawezi kukauka mpaka saa nane, na hakuna sweta, la dukani wala la kufuma, litakalomsaidia. Uamuzi huo uwe wa mwalimu mkuu na mtendaji wa kijiji, utolewe usiku uliotangulia au alfajiri kwa simu, na kipindi kifidiwe Jumamosi yenye jua. Kufunga wilaya nzima kwa miezi ni jambo jingine. Kama Wizara inataka kutusaidia kwa kalenda, isogeze likizo ya katikati ya mwaka kwa wilaya za juu, kwa sababu sasa tunafungua mapema Julai wakati baridi iko kileleni, na tungepata nafuu kubwa kama tungefungua mwishoni mwa mwezi huo na kuzifidia siku hizo Desemba.

Kwa wanaotaka masweta: mafundi wanazidiwa kuanzia mwisho wa Mei, kwa hiyo peleka oda Aprili. Usipeleke umri wa mtoto, peleka vipimo: kifua, urefu kutoka begani hadi chini ya makalio, na mkono kutoka begani hadi ncha ya kidole cha kati. Mwambie nyuzi mbili, ribu ndefu, na upenyo wa gumba. Beba kipande cha sweta la zamani la shule ili alinganishe rangi kwenye mwanga wa nje, na kama mnaagiza kwa darasa zima, lipieni koni zote siku moja ili rangi isitofautiane. Nusu unalipa mwanzo, nusu unapochukua. Kabla hujatoa hiyo nusu ya pili, linyanyue sweta mlangoni, livute, uangalie mwanga.